Maana ya Kupoa

Mzaliwa wa pwani hufundishwa mapema kuuogopa moto, lakini hapana mtu wa kumfundisha kuiogopa baridi. Katika utoto wangu Pangani baridi ilikuwa neema. Ilikuwa maji ya mtungi wakati wa kaskazi, kivuli cha mwembe wakati wa adhuhuri, na upepo wa mto wakati wa jioni. Lugha yetu nayo ilitia muhuri juu ya imani hii. Chakula kinachopoa huacha moto, mgonjwa anayepoa hupata nafuu, na dawa inayopoza huponya. Nilikwisha kuwa mtu mzima, tena mtu mwenye kazi ya kupima maana za maneno, nilipojua kwamba baridi huweza kuua nyama ya mtu kama moto unavyoweza. Nilijua kwa mkono wangu wa kuume. Nataka kueleza namna nilivyojua, na namna ngozi yangu ilivyorudishwa kwangu na watumishi ambao kabla ya siku ile sikuwahi kuwafikiria. Watumishi hao ni seli za kinga, ambazo kila msomaji wa maneno haya anazo mwilini mwake, zikimlinda bila ya mshahara na aghalabu bila ya shukrani.

Mwaka 2014 nilikuwa katika mji wa Madison, jimbo la Wisconsin, Marekani. Nilikuwa nikisoma kwa ajili ya shahada ya uzamivu, na riziki yangu niliipata kwa kuwafundisha Kiswahili wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mwezi wa Januari wa mwaka huo baridi iliyotoka pande za ncha ya kaskazini ilishuka mpaka katikati ya nchi ile. Maziwa ya Madison yalikuwa yameganda hata watu wakatembea juu yake kama watembeao uwanjani, na vipimajoto vilionyesha zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Asubuhi moja nilitoka nyumbani nikiwa nimechukua mfuko wa madaftari ya wanafunzi. Nilipofika kituo cha basi niligundua kwamba glavu ya mkono wa kuume sinayo. Nyumbani hapakuwa mbali, lakini kwenda na kurudi kulitaka dakika kumi, na kwa dakika hizo kumi ningechelewa darasa. Wiki ile ile nilikuwa nimewakemea wanafunzi wangu kwa kuchelewa. Basi nilisimama pale, mkono mtupu umeshika mfuko, upepo unavuma kutoka ziwani, na basi likakawia.

Kwanza vidole viliuma kama vilivyobanwa na koleo. Kisha vilichoma. Baada ya muda maumivu yalipungua, yakatoweka, nami nikamshukuru Mungu. Shukrani ile ilikuwa ya mjinga. Maumivu ni mlinzi wa mlangoni. Anapopiga kelele nyumba ingali na mwenyewe, na anaponyamaza yafaa kuuliza nani amemnyamazisha. Niliposhuka katika basi na kuingia katika jengo la chuo, vidole vinne vilikuwa vimepauka, vina rangi ya nta, vigumu, na havina habari ya kitu chochote vilichogusa. Nilianza kuvisugua, kisha nikakimbilia bomba la joto lililokuwa ukutani ili niuweke mkono juu yake. Mzee mmoja, mfagizi wa jengo lile, ambaye alikulia katika nchi ya theluji, aliuona mkono wangu akapaza sauti.

"Usisugue, kijana! Wala usiuweke hapo. Mkono huo hauna macho sasa, hautakwambia ukiungua."

Aliuviringisha mkono wangu katika skafu yake, akanipeleka hospitali kwa gari lake. Sikufundisha siku ile. Dakika kumi nilizozionea ubahili zilinigharimu wiki tisa.

Kosa nililotaka kulitenda lina historia ndefu. Dominique Jean Larrey, tabibu mkubwa wa jeshi la Napoleon, alishuhudia mwaka 1812, jeshi lile liliporudi nyuma kutoka Moscow, askari walioganda wakikimbilia mioto ya kambi na kupoteza viungo vyao. Aliona sawasawa kwamba moto mkali uliwadhuru. Lakini kutokana na jambo hilo alitoa shauri kwamba kiungo kilichoganda kisuguliwe kwa theluji, na shauri lake lilifuatwa kwa zaidi ya miaka mia. Kusugua kwa theluji ni kuongeza jeraha juu ya jeraha. Katikati ya karne ya 20 ndipo matabibu, miongoni mwao William Mills wa Alaska, walipowashawishi wenzao kwamba kiungo kilichoganda kipashwe joto haraka, kwa maji ya vuguvugu, bila ya kusuguliwa. Hivyo ndivyo nilivyotendewa mimi. Mkono wangu ulitiwa katika maji ya nyuzi 37 mpaka 39, kadiri ya joto la mwili wenyewe, ukakaa humo kwa muda wa nusu saa.

Katika nusu saa ile mlinzi aliyekuwa amenyamaza alirudi, akasema yote aliyokuwa ameyaweka. Sitayaeleza maumivu yale. Ngozi iligeuka rangi ya zambarau, mkono ukafura, na kabla ya usiku kupita malengelenge yaliota. Katika vidole vitatu malengelenge yalijaa maji safi. Katika kidole cha mwisho yalijaa damu nyeusi. Tabibu aliyatazama akanieleza kwamba maji safi ni dalili njema, maana jeraha halikwenda mbali, lakini damu ni dalili ya jeraha lililozama. "Kidole hiki tutakingoja," alisema. "Huenda ncha yake ikakatwa, huenda isikatwe. Hapana mtu awezaye kukwambia leo."

Usiku nilimpigia simu mama yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti yako imekonda?"

Nilimweleza kwamba baridi imeniunguza mkono. Alinyamaza kidogo. "Baridi inaunguzaje?" akauliza. Sikuwa na jibu la kumtosha. Kisha aliuliza swali lililokuwa limejificha nyuma ya swali lile. "Watakukata?"

Mama alikuwa na haki ya kuuliza. Miaka sita kabla ya hapo baba yangu, aliyekuwa na ugonjwa wa kisukari, alipata kidonda kidogo katika unyayo. Kidonda kile kilikaa miezi. Kilichukua kidole, kikachukua mguu, na mwisho tulimzika baba bila ya mguu ule. Tangu hapo katika nyumba yetu kukata halikuwa neno la matabibu, lilikuwa jina la msiba. Nilimwambia mama kwamba ni ncha ya kidole tu, tena huenda wasikate. Nilisema hivyo ili kumtuliza, lakini mimi mwenyewe sikutulia. Niliazimia kujua ni mambo gani yanayotendeka chini ya bendeji zile. Ikiwa kidole changu kilikuwa katika hukumu, nilitaka kuwajua mahakimu. Mkono wa kushoto ulifunua kurasa, na tangu mwaka ule sikuacha kusoma juu ya jambo hili. Niliyoyapata ni haya.

Mwili ukihisi baridi kali hufunga mishipa midogo ya damu iliyo katika ngozi, ili joto lisipotee na moyo, ubongo na ini vibaki salama. Huu ni uchumi wa busara, lakini gharama yake hulipwa na walio mbali na hazina: vidole vya mikono na vya miguu, masikio na pua. Nyama ikishuka chini kidogo ya sifuri, maji yaliyo nje ya seli huanza kuganda. Chumvi haigandi pamoja nayo. Kwa hiyo maji machache yanayobaki huzidi ukali wa chumvi, nayo huyavuta maji yaliyo ndani ya seli, kama chumvi inavyomnyonya samaki anayefanywa ng'onda. Seli hunywea, na nyingine hufa. Hapa nilipata jibu la swali la mama. Baridi huunguza kwa kukausha.

Walakini hili ni nusu ya jibu, na nusu ya pili ilinishangaza zaidi. Mwaka 1964 mtafiti Weatherley-White na wenzake walichapisha majaribio waliyoyafanya katika masikio ya sungura. Walichukua ngozi iliyogandishwa, ambayo ingaliachwa mahali pake ingalikufa, wakaipandikiza mahali penye afya. Ngozi ile iliishi. Kisha walichukua ngozi nzima wakaipandikiza mahali palipogandishwa. Ngozi nzima ilikufa. Maana yake ni wazi. Baridi peke yake haikuwa imetosha kuiua ngozi. Iliiua kwa mambo yaliyofuata katika mishipa ya damu chini yake. Joto linaporudi, damu hurudi na kukuta kuta za mishipa zimechubuka. Kuta hizo huvuja maji, na maji hayo ndiyo malengelenge. Damu huganda ndani yake na njia huziba. Kwa ajili hii tiba za siku hizi hushughulikia mishipa: mwaka 2024 Marekani iliidhinisha kwa jeraha kali la baridi dawa iitwayo iloprosti, ambayo hutanua mishipa ili vidole visikatwe. Lakini kuta zilizochubuka hazivuji tu. Hupiga mbiu ya kuomba msaada, na wanaoitika ni seli za kinga.

Mtu aliyeziona seli hizi zikienda kazini akaelewa alichokiona alikuwa mtaalamu wa elimu ya wanyama kutoka Dola ya Urusi, Ilya Metchnikoff. Mwaka 1882 alikuwa akikaa Messina, katika kisiwa cha Sicily. Chini ya darubini yake aliweka vitoto vya kiti cha pweza, ambavyo miili yake ni miangavu kama maji. Alichomeka miiba ya waridi katika miili hiyo, na asubuhi ya pili alikuta seli zenye kutambaa zimeizunguka miiba kila upande. Kutokana na miiba ile ilikua elimu kwamba mwili una walaji wake, yaani seli zinazomeza kilicho kigeni na kilichokufa. Mwaka 1908 Metchnikoff alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Mimi katika utoto nimeokota viti vya pweza mara nyingi bahari ilipokupwa, nikavianika juani kisha nikavitupa. Sikujua kwamba nilikuwa nikitupa kitabu.

Katika ngozi ya mwanadamu seli za kinga ni za namna nyingi, lakini zilizoshika kisa changu ni mbili. Ya kwanza huitwa neutrofili. Huzaliwa katika uboho wa mifupa, yapata bilioni 100 kila siku, na maisha yake ni mafupi. Mbiu ikilia, neutrofili hufika katika muda wa saa chache, zimebeba vimeng'enya vya kuyeyusha na oksijeni kali ya kuunguzia vijidudu. Silaha hizi ni za lazima, kwa sababu ngozi iliyopasuka ni ngome iliyobomoka, na vijidudu havipigi hodi. Lakini silaha hazichagui. Katika jeraha la baridi, ambapo pengine hapana adui aliyeingia bado, neutrofili hunata katika kuta za mishipa, huzidi kuziba njia nyembamba za damu, na huunguza seli ambazo baridi ilikuwa imeziacha hai. Mwaka 1993 Mileski na wenzake walieleza namna walivyowatibu sungura waliogandishwa miguu kwa kingamwili inayozuia seli nyeupe zisinate katika kuta za mishipa. Nyama iliyopotea ilipungua. Kumbe sehemu ya hasara tunayoihesabu juu ya baridi ni hasara iliyofanywa na watetezi wetu wenyewe, kwa nia njema na mikono mizito.

Siku ya pili muuguzi alinipaka dawa laini, nami kabla ya kusoma jina lake niliitambua kwa harufu. Ilikuwa mshubiri. Kwetu mshubiri huota uani, na akina mama hupaka shubiri kifuani ili kumwachisha mtoto ziwa. Katika hospitali ile ilipakwa kwa sababu nyingine. Mwaka 1981 Robson na Heggers walionyesha kwamba maji ya malengelenge ya baridi yana kiasi kikubwa cha kemikali za mwako wa jeraha, miongoni mwake thromboksani, inayobana mishipa na kugandisha damu. Mshubiri juu ya ngozi na kidonge cha ibuprofeni tumboni hutumiwa ili kuzipunguza kemikali hizo. Nilipomweleza mama, alicheka kwa mara ya kwanza tangu habari ile. "Umekwenda mbali kote huko kupakwa shubiri!" alisema. Nilikuwa nikijua kutoka katika kamusi kwamba shubiri na subira ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu. Sikuwa nimepata kuandikiwa yote mawili na tabibu mmoja.

Seli ya pili ya kisa changu ni makrofaji, maana yake mlaji mkubwa. Makrofaji nyingine hukaa katika ngozi siku zote, na nyingine hutoka katika damu na kuongezeka katika jeraha siku ya pili na ya tatu. Kazi yake ya kwanza ni ya mzoataka. Hula seli zilizokufa, mabaki ya damu, na zile neutrofili zilizokwisha kazi. Neutrofili iliyochoka hufa kwa utaratibu, na huonyesha juu ya ubavu wake alama ya kuomba kuliwa. Makrofaji huiona alama huila. Hapa ndipo lilipo jambo ambalo kwangu lilizidi yote niliyoyasoma. Tendo la kuwala askari waliokufa humbadili mlaji. Makrofaji iliyokuwa ikitoa ishara za vita huanza kutoa ishara za amani. Mbiu hupunguzwa. Mishipa mipya huitwa ichipue, seli za kusuka huitwa zisuke nyuzi za kolajeni, na seli za juu za ngozi zilizo kandokando ya jeraha hutambaa kuja kulifunika. Aliyekuja na upanga hushika mwiko wa mwashi.

Kwamba kazi hii si pambo, ilithibitishwa na majaribio mawili. Mwaka 1972 Simpson na Ross waliwaondolea simbilisi neutrofili zao, na majeraha yao safi yakaendelea kupona. Mwaka 1975 Leibovich na Ross waliwapunguzia wanyama wa namna ile ile makrofaji. Safari hii taka zilikaa katika jeraha, usukaji wa nyuzi ukachelewa, na kupona kukakawia. Jeraha lililokosa askari lilipona maadamu halikuvamiwa. Jeraha lililokosa wazoaji lilibaki uwanja wa vita uliokwisha watu.

Niliposoma habari hizi niliendelea mbele nikakuta habari ya baba yangu. Haikuwa na jina lake, lakini ilikuwa yake. Vidonda vya wagonjwa wa kisukari vina sababu nyingi: neva zilizokufa ganzi hata mtu asijue ameumia, na mishipa ya damu iliyozibana. Mojawapo ya sababu hizo ni kwamba katika vidonda vile makrofaji nyingi hazifanyi yale mageuzi. Hubaki katika hali ya vita wiki baada ya wiki, zikitoa ishara za kuita askari zaidi, na askari huendelea kuyeyusha kile ambacho wajenzi wangejenga. Mimi nilidhani siku zote kwamba mwili wa baba ulikata tamaa. Na zaidi ya hapo, naungama, nilidhani baba mwenyewe alilegea. Siku moja nilimwambia maneno makali juu ya chai yake ya sukari, nikamwuliza kama anataka kupona au hataki. Hakunijibu. Kumbe mguu wake haukukosa walinzi. Ulikuwa nao wengi mno, kwa muda mrefu mno, na wote hawakuweza kuacha kupigana. Nilifunga kitabu, na kwa siku mbili sikukifungua. Maneno niliyomwambia hayana seli ya kuyazoa.

Wakati huo kidole changu cha mwisho kilikuwa kimegeuka. Ncha yake ilikauka, ikawa nyeusi na ngumu kama kifuu. Kila nilipokitazama nilitamani kikatwe, mambo yakome, nijue hesabu yangu. Nilimwambia tabibu hivyo. Alinijibu kwamba wapasuaji wana msemo wa kale juu ya jeraha la baridi: lililoganda Januari likatwe Julai. Sababu yake ni kwamba katika siku za kwanza hapana jicho linaloweza kuona mpaka kati ya nyama iliyokufa na nyama iliyo hai. "Kisu changu hakiujui mpaka huo," alisema. "Seli zako zinautafuta. Zikiupata zitauchora zenyewe." Ilikuwa amri ya kungoja, na kungoja kulikuwa kuchungu kama ile dawa ya uani kwetu. Lakini baada ya wiki chache mstari mwembamba ulionekana kweli kweli, ukizunguka kidole kama uzi. Juu ya uzi ule ilikuwa nyeusi, chini yake ilikuwa hai, na kila wiki uzi ulipanda kidogo kuelekea ncha. Wiki ya tisa, nilipokuwa nikinawa uso asubuhi, ganda lote jeusi lilitoka kama kofia, likaanguka katika beseni. Chini yake palikuwa na ngozi changa, laini, yenye rangi ya waridi. Hapakukatwa kitu. Nilimpigia simu mama kabla ya kujifuta maji.

Ngozi ile si ile niliyozaliwa nayo, wala sitadai hivyo. Kovu la mwanadamu, hata likikomaa, halirudishi zaidi ya sehemu 80 katika 100 za nguvu ya ngozi ya asili. Kidole changu hufa ganzi mara nishikapo chupa ya maji baridi, hata Dar es Salaam penye joto, na waliopatwa na jeraha kama langu hukaa na hali hiyo kwa miaka. Mahali pa jeraha pana baka jeupe, kwa sababu seli zinazotengeneza rangi ya ngozi ni miongoni mwa zile zinazouawa na baridi mapema. Kolajeni, kinyume chake, huistahimili baridi kuliko inavyoustahimili moto. Matabibu wa ngozi wamelifanya jambo hili kuwa chombo. Hutumia nitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kugandisha vijiuvimbe na madoa yenye hatari. Katika Tanzania tiba hii huwasaidia watu wenye ualbino, ambao jua huwaharibu ngozi, ili madoa yaondolewe kabla ya kugeuka saratani. Tabibu huleta jeraha dogo la baridi kwa makusudi, kisha huwaachia walaji wale wale wazoe na wajenge. Kwa hiyo elimu hii si ya nchi za theluji peke yake. Nasi tunao mlima wa mita 5,895 wenye barafu kileleni, na vijana wetu huupanda wakiwa wapagazi. Mmoja wao akishikwa na baridi vidoleni, asisuguliwe, asipelekwe motoni, na asiyeyushwe mahali ambapo ataganda tena, maana kuganda mara ya pili ni kubaya kuliko kungoja.

Sasa narudi katika neno nililoanza nalo, kwa sababu ndilo shamba langu. Siku ile kituoni nilidhani lugha yetu imenidanganya iliposema kwamba aliyepoa amepona. Vidole vyangu vilipoa hata vikafa. Leo naona waliotuachia neno lile walikuwa na haki, ila mimi sikujua ni nani anayepaswa kupoa. Si kidole. Ni walinzi wa kidole. Jeraha huhitaji hasira yao kwa siku chache, na bila ya hasira hiyo ngome hutekwa. Baada ya siku hizo jeraha huhitaji walinzi wale wale wale wafu wao, wapoe, na waanze kujenga. Ngozi yangu ilipata walinzi waliopoa kwa wakati. Ngozi ya baba haikuwapata, na hilo halikuwa kosa lake.

Mama yangu hupenda kukishika kidole changu cha mwisho nikienda kumwamkia. Hukigeuza, hukitazama baka lile jeupe, na hukiminya kidogo ili aone kama ninahisi. Huhisi kidogo tu. Humwambia kwamba nahisi sana.